Kanzu ya Mwanao: Namna ya Kuipima na Kuikata Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu vazi la kusitiri miili yao na la kujipamba, kisha akawakumbusha kwamba vazi la uchaji ndilo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kazi iliyo ndogo machoni pa wengi, nayo ina faida kubwa kwa nyumba ya Kiislamu: kupima na kukata kanzu ya mtoto kwa mkono wa mama yake, au wa dada yake, au wa baba yake akipenda.

Kila mwaka, Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, baraza ya fundi wa nguo hujaa watu. Huyu amefuata kanzu aliyoahidiwa juzi, yule ameleta kitambaa leo na anataka nguo yake kabla ya mwezi kuandama. Fundi ni mmoja na mikono yake ni miwili. Na mama mwenye wana watatu hukaa akapiga hesabu: kitambaa cha watatu, ujira wa watatu, kofia za watatu. Mara nyingi hesabu humshinda. Basi mtoto mmoja hupata kanzu mpya, wa pili huvaa ya kaka yake, na wa tatu huambiwa asubiri Idi nyingine. Mtoto hasemi neno, lakini asubuhi ya Idi utamwona amesimama mwisho wa safu.

Nyumba nyingi kati ya hizo zina cherehani, na mama wa nyumba ajua kushona foronya na magauni ya binti zake. Kinachomzuia si kushona, bali ni hofu ya kukata. Na hofu hiyo ina sababu, kwa maana kushona kukikosewa hufumuliwa, lakini kukata kukikosewa hakuna dawa. Dawa iko kabla ya mkasi, katika vipimo na hesabu. Mwenye kuzijua hesabu hizi chache hatautetemekea mkasi tena.

KUSHONA NI KAZI YA HESHIMA

Wako vijana wa kiume wadhanio kwamba sindano ni kazi ya wanawake peke yao. Na wakumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na katika mapokezi mengine alitaja kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Kadhalika Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume (s.a.w.) chakulani, naye akaitikia mwaliko. Palikuwa na mchuzi wenye boga, na Anas akamwona Mtume akiyafuata maboga katika sahani, naye tangu siku ile akalipenda boga. Waonaje, basi, heshima ya fundi yule, ambaye karamu yake yakumbukwa mpaka leo?

Ama vazi lenyewe, Bibi Umm Salama (r.a.) amesimulia kwamba nguo iliyopendeza zaidi kwa Mtume (s.a.w.) ilikuwa kanzu. Imepokewa pia kwamba mkono wa kanzu yake ulifika kwenye kifundo cha kiganja, na kwamba aliwahimiza watu kuvaa nguo nyeupe. Kuhusu urefu, mafundisho ni kwamba nguo ya mwanamume isipite chini ya vifundo vya miguu. Na hariri imeharimishwa kwa wanaume. Mambo haya twayataja hapa kwa kuwa yote manne, yaani urefu, mkono, rangi na aina ya kitambaa, yahusu moja kwa moja kazi ya kupima na kukata.

SEHEMU ZA KANZU NA MAJINA YAKE

Mafundi wetu wa pwani, toka Lamu na Mombasa hata Unguja, wana jina la kila kipande cha kanzu. Ni vizuri vijana wayajue, maana jina likipotea na kazi yake hupotea.

Badani ni kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma. Kitambaa kikitosha, badani la mbele na la nyuma hukatwa kwa pamoja, likakunjwa mabegani pasiwe na mshono. Mikono ni miwili, na upindo wa ndani wa mwisho wa mkono huitwa sijafu. Taharizi ni vipande vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini, navyo ndivyo vinavyoipa kanzu nafasi ya kutembea. Kikwapa ni kipande kidogo cha mraba kitiwacho chini ya kwapa. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo, na lisani ni ulimi wa kitambaa unaokaa nyuma ya mpasuo wa kifuani ili mwili usionekane.

Msomaji ataona kwamba vipande hivi karibu vyote ni vya mistari iliyonyooka. Shingo peke yake ndiyo yenye duara. Mafundi wa zamani walikuwa na hekima katika jambo hili, kwani nguo ya mistari iliyonyooka haiachi mabaki mengi sakafuni, na israfu ni jambo tulilokatazwa.

Wala usikidharau kikwapa kwa udogo wake. Mtoto ainuapo mikono kwa takbira, na ashukapo kusujudu, nguvu yote ya nguo huvutwa kwapani. Kanzu isiyo na kikwapa, au iliyo na kikwapa kidogo mno, huchanikia hapo hapo.

KUCHAGUA NA KUTAYARISHA KITAMBAA

Kwa kanzu ya kwanza chagua bafta nyeupe ya pamba, isiyoteleza na isiyo nyepesi mno. Kitambaa kinachoteleza huhama chini ya mkasi na kumvunja moyo anayejifunza. Hata hivyo, bafta nyingi huonyesha mwili juani, kwa hiyo mtoto avae saruni au suruali ndani yake.

Kabla ya kupima chochote, kiroweke kitambaa katika maji usiku mmoja, kisha kianike kivulini na kukipiga pasi. Sababu yake ni hii. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, huvutwa kwa nguvu katika mtambo wakati wa kufuma. Zikipata maji hulegea na kurudi. Ukikata kabla ya kurowesha, kanzu iliyofika vifundoni siku ya Idi itakuwa katikati ya muundi baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Baada ya kupiga pasi, nyoosha mwisho wa kitambaa. Muuza duka aghalabu hukata kwa haraka na kukata mshazari. Chomoa uzi mmoja wa mshindio, yaani wa upana, toka ukingo hata ukingo. Pale ulipotoka patabaki mstari kama njia ya siafu, nawe ukate juu ya mstari huo. Kazi hii ni ya dakika tano, lakini asiyeifanya ataona kanzu yake yapinda upande mmoja wala hatajua sababu.

VIPIMO SITA

Wazee wetu walipima kwa viungo vya mwili: shibiri, dhiraa, wari na pima. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa mbili ni wari moja, na wari mbili ni pima. Vipimo hivi vilitosha katika zama zao, ila dhiraa ya mtu mrefu si sawa na dhiraa ya mtu mfupi, na ugomvi wa dukani ulianzia hapo. Wari ya dukani ilipowekewa kipimo kimoja, ilikuwa sentimita 91 na kidogo. Siku hizi twatumia mita na sentimita, nasi tutazitumia katika makala haya.

Chukua utepe wa kupimia, na karatasi na kalamu. Usitegemee kukumbuka, mali bila daftari huisha bila habari, na vipimo ni vivyo hivyo. Mtoto asimame wima, amevaa shati jepesi, asijivimbishe wala asijikunje. Sisi tutatoa mfano wa kijana wa kimo cha sentimita 140, ambaye aghalabu ni wa miaka kumi hivi.

Kwanza, urefu: toka pale shingo inapokutana na bega, ushuke kwa mbele hata juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kijana wetu ana sentimita 110.

Pili, mzunguko wa kifua, utepe ukipita chini ya makwapa: 68.

Tatu, mkono hata mkono: anyooshe mikono yote miwili kama anayeigiza ndege, nawe upime kwa mgongoni toka kifundo cha kiganja cha kulia hata cha kushoto: 112.

Nne, mzunguko wa mkono wa juu, baina ya bega na kiwiko: 22.

Tano, mzunguko wa shingo chini kabisa: 30.

Sita, mzunguko wa kichwa juu ya masikio: 53. Wengi hukisahau kipimo hiki, kisha kanzu ikawa nzuri, mtoto asiweze kuivaa kwa sababu kichwa hakipiti.

Ukimaliza pima tena vyote, na ikiwezekana apime mtu mwingine. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu.

HESABU YA VIPANDE

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Kipimo cha mwili si kipimo cha nguo. Nguo hutaka nafasi ya kupumua, na tena hutaka akiba ya mshono. Katika kila ukingo unaoshonwa tutaacha sentimita 1 na nusu, ili mshono ukunjwe na kulazwa, nyuzi zisifumuke.

Upana wa badani: chukua nusu ya kifua, uongeze 10. Nusu ya 68 ni 34, na 10 ni 44. Ongeza akiba ya pande mbili, yaani 3. Badani litakatwa kwa upana wa 47.

Urefu wa badani: 110, na 4 za upindo wa chini, ni 114. Kwa kuwa mbele na nyuma ni kipande kimoja, zidisha kwa mbili: 228.

Urefu wa mkono: toa upana wa badani katika kipimo cha mkono hata mkono. 112 ukitoa 44 ni 68, na nusu yake ni 34. Ongeza 1 na nusu za mshono na 3 na nusu za sijafu: 39. Wengine hupima mkono toka begani na kusahau kwamba badani limekwisha kulipita bega. Mikono yao huja kufunika vidole.

Upana wa mkono: chukua mzunguko wa mkono wa juu, uongeze 18. 22 na 18 ni 40. Pamoja na akiba ni 43. Huu ni upana wa upande wa bega. Upande wa kiganja upunguze sentimita 5 kila ukingo, ubaki 33, na baada ya kushonwa ni 30. Usiupunguze zaidi ya hapo, maana mtoto atauinua mkono wa kanzu juu ya kiwiko mara nyingi kwa siku anapotawadha. Mkono mwembamba hulowa, au huchanika.

Kikwapa: mraba wa 10, na akiba ni 13 kwa 13. Vikwapa ni viwili.

Taharizi: mkono wachukua sentimita 20 za ubavu wa badani toka begani, na kikwapa chachukua 10. Toa 30 katika 110, zabaki 80. Ongeza 1 na nusu za juu na 4 za upindo, ni 85 na nusu, tufanye 86. Taharizi ni nne, mbili kwa kila ubavu. Ncha ya juu ya kila moja ni sentimita 3, ambazo zote zitamezwa na mishono miwili, na chini ni 18 na nusu, ambazo baada ya mishono ni 15 na nusu.

Sasa hebu tuhesabu mzunguko wa chini wa kanzu nzima: badani mbili za 44 ni 88, na taharizi nne za 15 na nusu ni 62, jumla ni 150. Kwa kijana wa kimo hiki ni nafasi ya kutosha kutembea, kurukuu na kukaa kitako cha Tahiyatu bila nguo kumbana magotini.

KULAZA VIPANDE NA KUKATA

Kitambaa kiwe na upana usiopungua sentimita 90 baada ya kuroweshwa. Nunua mita 2 na nusu, ili kikirudi bado zipatikane zile 228. Fagia sakafu, tandika mkeka safi, ukitandaze juu yake pasiwe na mkunjo. Watoto wadogo wape kazi nyingine mbali nawe.

Pima sentimita 47 toka ukingo mmoja, kwa urefu wote wa 228, uweke alama kwa chaki kila baada ya shibiri moja, kisha uunge alama hizo kwa mstari mmoja. Kipande hicho ni badani. Upande wa pili wabaki ukanda wa upana wa 43 na urefu ule ule wa 228. Vipande vingine vyote vitatoka katika ukanda huu.

Anza mwisho mmoja wa ukanda. Pima 39, tena 39. Hiyo ni mikono miwili, na upana wa 43 ndio ule ule tulioutaka. Tumekwisha kutumia 78, zimebaki 150. Pima 86, kipande hicho kigawe kwa urefu katikati, upate vipande viwili vya 21 na nusu. Katika kila kimoja, weka alama sentimita 3 toka pembe ya juu kushoto, na nyingine sentimita 3 toka pembe ya chini kulia, uziunge kwa mstari wa mshazari. Kila kipande kitatoa taharizi mbili zinazofanana, moja ikielekea juu na nyenzake ikielekea chini, pasibaki hata kipande cha kutupa.

Zimebaki sentimita 64 za ukanda. Katika 13 za kwanza chora vikwapa viwili kando kwa kando. Katika 20 zifuatazo chora vipande viwili vya mfuko, kila kimoja 17 kwa 20. Katika 30 zifuatazo chora kaba ya upana wa 26, na kando yake lisani ya 10 kwa 24. Jumla ni 63. Imebaki sentimita moja tu.

Kabla ya kushika mkasi, fanya jambo moja: soma kwa sauti kila kipimo kilichoandikwa karatasini, na mtu wa pili akipime juu ya kitambaa. Binti wa miaka tisa au kumi aweza kazi hii, naye atajifunza hesabu kwa faida. Kisha sema Bismillahi, ukate. Ubapa wa chini wa mkasi ukae juu ya mkeka, mkono wa kushoto ukikilaza kitambaa, wala usikiinue. Andika jina la kila kipande kwa chaki upande wa ndani kadiri unavyokikata.

SHINGO

Shingo huachwa mwisho, na hapa haraka haraka haina baraka. Lifikirie tundu la shingo kama mlango: likiwa dogo hupanuliwa, likiwa kubwa halipunguzwi.

Likunje badani katikati kwa urefu wake ili upate mstari wa mabega, kisha likunje kwa upana ili upate katikati ya shingo. Pale mikunjo miwili inapokutana, tia alama. Gawanya mzunguko wa shingo kwa sita: 30 kwa 6 ni 5. Ongeza nusu sentimita, ni 5 na nusu. Toka kwenye alama pima 5 na nusu kila upande kwenye mstari wa bega, 5 na nusu kwa mbele, na 1 na nusu tu kwa nyuma. Unga alama hizo kwa mviringo laini. Shingo ya mwanadamu imeelekea mbele, ndiyo sababu tundu huwa kubwa mbele kuliko nyuma. Kanzu iliyokatwa duara sawasawa humkaba mtoto kooni na kumvimba kisogoni.

Ukishona nusu ya sentimita na kidogo ndani ya ukingo, tundu litaongezeka lenyewe na kufika karibu 33, nazo zatosha shingo ya 30. Lakini kichwa cha 53 hakipiti. Kwa hiyo chora mpasuo wa kifuani wa sentimita 18 toka chini ya tundu. Usiukate bado. Weka kaba juu ya badani, uso kwa uso, sentimita 5 zikiwa nyuma ya mstari wa bega na 25 mbele. Shona kuzunguka shingo, ushuke upande mmoja wa mpasuo na kupanda upande wa pili, mishono ikikutana chini kama ncha ya jani. Sasa ndipo ukate katikati, ugeuze kaba ndani, upige pasi. Lisani ikunje kwa urefu, uishone nyuma ya mpasuo kwa upande mmoja.

KUUNGA

Vipande vikiwa tayari, kazi iliyobaki ni fupi. Shikiza kwanza kwa bandi za mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kabla ya kutia cherehani. Unga mikono na badani, katikati ya mkono ikikutana na mstari wa bega. Tia vikwapa: pande mbili za mraba kwenye mkono, na pande mbili kwenye badani la mbele na la nyuma, na katika kila pembe usimamishe mshono sentimita 1 na nusu kabla ya ukingo, la sivyo pembe itakunjamana.

Taharizi ziunge mbili mbili kwa kingo zao zilizonyooka, kisha kingo za mshazari ziungwe na badani. Kanuni hii ishike sana. Ukingo wa mshazari huvutika kama mpira, na ukingo ulionyooka hauvutiki. Ukiunga mshazari kwa mshazari, ubavu wa kanzu hurefuka na kulegea siku hata siku. Mfuko utiwe katika mshono wa kulia, pale mkono wa mtoto unapofika. Funga mshono wa chini ya mkono, kisha kunja sijafu.

Upindo wa chini usiupinde siku hiyo. Itundike kanzu usiku mmoja, ili taharizi zishuke kwa uzito wake. Asubuhi mvishe mtoto, usawazishe chini kote, ndipo upinde.

Mwenye kutaka kanzu ya miaka miwili na aongeze sentimita 12 katika urefu wa badani, yaani 6 mbele na 6 nyuma, na 6 katika kila taharizi, na anunue mita 2 na robo tatu. Akiba hiyo huifadhiwa kwa mkunjo wa ndani juu ya upindo, nao hufumuliwa mtoto anaporefuka. Kisha kanzu hiyo hiyo humfaa mdogo wake.

KANZU YA MTU MZIMA

Hesabu ni zile zile, ila kitambaa chembamba hakitoshi kwa mpango huu. Kwa mwanamume wa kimo cha kawaida, kitambaa cha upana wa sentimita 90 chahitajiwa karibu mita 4 na robo, maana mikono hukatwa peke yake nje ya ukanda wa badani. Kikiwa na upana wa sentimita 150, mita 3 zatosha, na mabaki yaweza kutoa kofia. Tunashauri kila mmoja aanze na kanzu ya mtoto, kisha ndipo amkatie mumewe au baba yake.

AMANA YA MABAKI

Tumalizie kwa neno kwa mabinti na vijana wetu watakaojifunza kazi hii, kisha majirani wakaanza kuwaletea vitambaa. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya vikali wanaopunja vipimo, wao wakijipimia hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi hudhani onyo hilo lawahusu wauzaji wa mchele na sukari tu. Lakini anayemwambia mteja alete mita 3 naye ajua kwamba 2 na nusu zatosha, kisha akaiweka nusu iliyobaki, amepunja kwa utepe kama vile mwingine anavyopunja kwa mizani. Mabaki ya kitambaa ni mali ya mwenye kitambaa. Yakunje, uyafunge pamoja na kanzu, umkabidhi. Akikupa kwa radhi yake, hapo ni halali yako.

Na mabaki ya nyumbani mwako usiyatupe. Mita 2 na nusu zikiwa hazikurudi sana, hubaki kipande cha shibiri moja kwa upana wote wa kitambaa. Hicho chatosha leso mbili au viraka vya siku za mbele.

Ama yule mama mwenye wana watatu tuliyemtaja, ujira aliouokoa kwa kanzu mbili waweza kununua kitambaa cha kanzu ya tatu, au pishi za zakatul-fitri za nyumba yake. Wala fundi wa baraza hatapoteza riziki yake, maana darizi za shingoni na kanzu za harusi bado ni zake yeye mwenye ujuzi wa miaka mingi.

Kitambaa kinunuliwe katika Shaabani, na vipimo vichukuliwe wiki hiyo hiyo, ili kumi la mwisho likiingia kanzu ziwe zimekwisha pigwa pasi, na mikono ya mama iwe huru kwa ibada. Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka kazi za mikono yenu, azisitiri nyumba zenu, na awafikishe watoto wenu kwenye safu za sala wakiwa safi wa nguo na safi wa nyoyo. Amin.